Roda Iliyokwama: Mafundi wa Mashua wa Matondoni, Lamu

Barabara itokayo bara humwishia msafiri Mokowe. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni kisiwa cha Lamu, kilicho umbali wa kadiri ya kilomita 240 kaskazini-mashariki ya Mombasa kwa mstari ulionyooka. Kuanzia hapo gari halimfai tena. Mji mkongwe wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda wawili wakikutana na mizigo yao hapana budi mmoja angoje. Unga, saruji, mchanga, boriti za mikoko, wanafunzi, wagonjwa na maharusi, wote hupita majini. Siku hizi boti za mashine ndizo zichukuazo abiria wengi, lakini tanga halijaondoka: mvuvi analitumia, mwenye kuchukua mawe na mchanga analitumia, na siku ya mashindano mji mzima hutoka gatini kulitazama.

Upande wa magharibi wa kisiwa, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu kutoka mjini kupitia mashamba ya minazi na miembe, kiko kijiji cha Matondoni. Wanawake wake husuka mikeka na vikapu vya miaa. Wanaume wake wanajulikana pwani nzima kwa uundaji wa vyombo. Ufuoni, mkabala wa mikoko, mashua zimelala ubavu mchangani. Moja ni mataruma matupu, kama mbavu za nyangumi. Nyingine imekwisha kutiwa mbao zote na inangoja kalafati. Ya tatu ni kuukuu, imepauka kwa jua na chumvi. Mafundi hawa huunda kwa jicho, bila mchoro wa karatasi, na wageni wapigao picha hukimbilia chombo kipya kwa kuwa kinapendeza. Mwenye kutaka kuyajua maisha ya pwani heri akae kando ya kile kikuukuu, kwani hapo ndipo fundi anaposhindana na bahari.

Ili kufahamu kazi hiyo yafaa kwanza kujua jinsi mashua inavyobeba tanga lake. Mlingoti ni mmoja, umeinama mbele kidogo. Tanga la pembe tatu limefungwa katika foromali, yaani mti mrefu uning'iniao mlingotini kwa mshazari. Foromali pamoja na tanga lililolowa si mzigo wa mtu mmoja. Hutwekwa kwa kamba nene iitwayo henza, ambayo hupita juu ya roda iliyomo kichwani mwa mlingoti, kisha hushuka upande wa pili hadi kwenye gofia. Na katika gofia hupita kamba nyembamba zaidi, jarari, ambayo mabaharia huivuta kwa pamoja. Roda yenyewe ni gurudumu dogo la mti mgumu, lenye mfuo pembezoni wa kulaza kamba na tundu katikati la kupitishia pini ya chuma. Chini yake, kando ya mlingoti na juu ya sitaha fupi za omo na tezi, kuna vigingi vya kufungia kamba na pete za kushikia demani. Nyuma kabisa kuna marumada, zile bawaba za chuma zinazoushika usukani. Vifaa hivi vyote vikikusanywa vingeenea katika kapu moja la sokoni.

Mtu wa bara hudhani kwamba shida ya tanga ni kulipandisha. La hasha. Hatari iko katika kulitua. Upepo wa ghafla ujapo na wingu la mvua, kama unavyoweza kuja mwezi wa Aprili kusi inapoingia, nahodha hana muda wa kufikiri. Hulegeza demani ili tanga limwage upepo, na ikibidi huamuru jarari ifunguliwe foromali ianguke. Roda ikiwa inazunguka, tanga hufika chini kwa uzito wake lenyewe. Roda ikiwa imekwama, henza hujisugua juu ya mti usiosogea, foromali huishia nusu ya njia, na tanga lililojaa upepo huilaza mashua mpaka maji yapande ubavuni. Mashua isiyo na sitaha nzima, nayo imebeba mawe, ikishaingiza maji haielei kungoja msaada. Ndiyo sababu nahodha mwangalifu hatwambii roda iliyokwama kuwa ni kasoro ndogo, hata kama kwa upepo mwanana inamruhusu kusafiri.

Mwaka wa bahari una pande mbili. Kaskazi, ivumayo tangu Novemba au Desemba hadi Machi, ina upepo wa kutegemewa na anga safi. Ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Ghuba katika bandari za Waswahili. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba au zaidi. Katika miezi ya Juni na Julai bahari ya nje huchafuka hata vyombo vidogo vingi vikabaki katika maji ya ndani, nyuma ya visiwa, au vikapandishwa pwani. Miezi hiyo ndiyo ya fundi.

Kuna kalenda ya pili, nayo ni ya mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kutwa, na kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa sita na dakika chache. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3. Katikati yake ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Mashua ya kutengenezwa huletwa juu kabisa ya ufuo maji ya bamvua yakiwa yamejaa, hutegemezwa kwa magadi pande zote mbili, kisha huachwa maji yajiondokee. Kazi fupi, kama kubadili rumada, hufanywa kati ya maji na maji. Fundi hutazama mstari wa povu kule chini kama karani anavyotazama saa ya ukutani. Akichelewa, maji humrudia na vyombo vyake vya kazi vikiwa bado mchangani. Na ikiwa mashua iliwekwa mahali ambapo ni bamvua tu inayofika, basi mwenye chombo atakaa wiki mbili bila kibarua wala samaki.

Historia ya kisiwa hiki imeandikwa na maji hayo hayo. Katika vita vya Shela, vilivyopiganwa mnamo mwaka 1812 au muda mfupi baadaye, majeshi ya Pate na Mombasa yaliteremka pwani ili kuitia Lamu mkononi. Masimulizi ya Lamu yanaeleza kwamba waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, waliviona vimepwelewa. Wengi waliuawa pale pale ufuoni. Askari asomaye habari hii ataona kwamba washambuliaji walihesabu watu na silaha, wakasahau kuhesabu saa za maji. Ngome ya Lamu, iliyokamilishwa mnamo 1821, baadaye ilifanywa jela, na ilibaki hivyo hadi 1984. Sasa ni makumbusho.

Turudi Matondoni, kwenye mashua kuukuu. Kwa nini roda hukwama? Lawama ya kwanza hupewa kutu, na ni haki yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo pini iliyoingia kwa ulaini mwaka jana, mwaka huu imevimba ndani ya tundu lake. Lakini mti nao hunywa maji ukavimba. Maji ya bahari yakikauka huacha chembe za chumvi, nazo chembe hizo huvuta unyevu wa hewa usiku, ili kwamba chuma hakikauki kamwe hata chombo kikiwa nchi kavu. Mchanga ukiingia katika mafuta ya zamani huwa kama msasa. Mara nyingi mambo haya yote yamo katika roda moja, na mwenye chombo hajui ni lipi lililoanza.

Fundi haanzi na nyundo. Kijana anayejifunza kazi ndiye anayeikimbilia nyundo, naye hukatazwa mapema. Kwanza huja maji matamu ya moto, ili chumvi iyeyuke. Watu wa bara watastaajabu kwamba jambo hili lina gharama: maji mazuri ya Lamu hutoka katika visima vilivyomo kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na kisiwani hakuna mto. Roda ikishaoshwa na kukaushwa juani hutiwa mafuta mepesi, dizeli au mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya mashine, matone machache kila upande wa pini, kisha huachwa hadi asubuhi. Usiku huo mafuta hupenya mahali ambapo nguvu ya mkono haipenyi.

Siku ya pili fundi hugonga. Hupiga pigo dogo dogo kuzunguka kichwa cha pini, kwa nia ya kuitikisa tu, ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia. Hujaribu kuizungusha roda kwa mkono. Ikikataa, humtilia mafuta mara nyingine na kwenda kufanya kazi nyingine. Pini inapoonyesha dalili ya kulegea ndipo husukumwa itoke, na hapa kuna siri ambayo kila mwenye karakana angefaa kuijua: pini haigongwi moja kwa moja. Mwisho wake ukigongwa hutanuka kama uyoga, nao hautapita tena tunduni. Fundi huweka kipande cha chuma chembamba kidogo kuliko pini, hukiegemeza katikati yake, na hupiga hicho. Upande wa pili mashavu ya gofia hutegemezwa juu ya kipande cha mti chenye tundu, yasije yakapasuka. Moto hutumiwa pia, kwani chuma kikipata joto hutanuka na kikipoa hunywea, na kutu haivumilii mambo hayo mawili. Lakini hutumiwa kwa vifaa vya chuma kitupu, mbali na chombo, wala si kwa kitu kilicholoweshwa dizeli. Chombo kilichopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, tangu utoto wake hakihitaji cheche mbili.

Pini ikitoka husuguliwa kwa tupa na msasa. Ikiwa imeliwa ikabaki kiuno cha nyigu, hutupwa. Roda hutazamwa tundu lake: likiwa limekuwa refu kama yai badala ya kuwa duara, roda itayumba, na roda inayoyumba hutafuna kamba. Hapo huchongwa mpya kwa tezo na patasi, na tundu hutobolewa kwa keekee. Msomaji angedhani kwamba fundi hodari huichonga ikae sawasawa bila nafasi. Kumbe fundi hodari huiacha ilegee kidogo, hata mtu asiyejua angeiona kuwa kazi mbovu. Roda inayokaa barabara ikiwa kavu itakwama ikishalowa. Nafasi hiyo ndogo hujazwa shahamu.

Vigingi na pete zina taabu nyingine. Aghalabu kifaa chenyewe ni kizima, ila kile kilichokishikilia kimeoza. Mbao iliyozunguka msumari wa chuma baada ya miaka hugeuka nyeusi, kisha hulainika hata ikachimbika kwa kidole, kwa sababu chuma kinacholika katika maji ya chumvi huila na mbao iliyo jirani. Mwenye chombo asiye na fedha hupigilia msumari mkubwa zaidi katika tundu lile lile. Unashika kwa muda wa mwezi mmoja. Fundi wa kweli hukata sehemu yote nyeusi mpaka akutane na mbao yenye rangi yake, huziba kwa mti mkavu wa aina ngumu, ndipo hutoboa upya. Na mahali penye kuvutwa kwa nguvu hupitisha bolti hadi chini na kuweka kipande kipana cha mti chini ya sitaha ili nguvu ienee. Misumari inayobaki hufungwa pamba iliyochovywa mafuta kabla ya kupigiliwa, desturi ya zamani ambayo huziba maji na kukitenga chuma na mti.

Nati iliyoshikana na bolti hutendewa kama mtu mkaidi. Baada ya kutiwa mafuta, spana huikaza kwanza, kidogo sana, halafu ndipo huilegeza. Kule kukaza huivunja kutu bila kukivunja chuma. Kisha ni robo mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta tena. Ikikataa kabisa hukatwa ubavuni kwa patasi ya chuma. Nati hununuliwa dukani kwa bei ndogo. Mbao ya mbambakofi siku hizi haipatikani kwa urahisi, na fundi anayeokoa nati akapasua mbao amemtia mwenye chombo hasara.

Wazee wa visiwa hivi walikuwa na njia ya kuikwepa kutu kabisa. Mitepe iliyoundwa katika visiwa vya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Hakukuwa na kitu cha kushika kutu. Lakini ulivuja, na mabaharia walitekwa na kazi ya kukumba maji safari nzima. Mfano wake huonekana katika makumbusho ya Lamu, na kila autazamaye hujiuliza kama angethubutu kuupanda.

Mafunzo ya ufuo huu hayakosi faida katika nyumba iliyo mbali na bahari. Kufuli lililokwama, bawaba ya mlango wa kambi, mnyororo wa baiskeli ya mzee, hata kichwa cha pampu ya kisima, vyote vina ugonjwa ule ule na dawa ile ile: kuosha, kukausha, mafuta mepesi, usiku mmoja wa kungoja, na pigo dogo. Mafuta ya taa yakitumiwa nyumbani yawekwe mbali na jiko na mbali na watoto, wala yasiachwe katika chupa ya soda, kwani mtoto hawezi kuyatofautisha na maji ya kunywa. Nao wakaao kando ya Ziwa Viktoria au Tanganyika wasidhani kuwa wamesalimika kwa kukosa chumvi. Katika maji matamu chuma huliwa polepole zaidi, lakini mbao huoza upesi zaidi, kwani chumvi huzuia kidogo ukungu uozeshao mti. Mwenye chombo cha ziwani atazame mbao zake kwanza, hasa pale mvua inapotuama.

Mara kwa mara hutia nanga Lamu vyombo vya matanga vya wageni, vyenye milingoti ya alumini na vifaa vinavyong'aa vya chuma kisichoshika kutu. Ungedhani kwamba hivyo havina haja ya fundi. Haja ipo, nayo ni ngumu zaidi. Metali mbili za namna mbalimbali zikigusana katika maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa na kuilinda iliyo na nguvu. Skurubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa katika alumini miaka mitatu bila kupakwa kitu, alumini huizunguka kwa unga mweupe uliogandamana, na mwenye kuifungua kwa nguvu hukata kichwa cha skurubu, akabaki na shina ndani ya mlingoti. Dawa ni joto la polepole na subira. Na siku ya kurudisha, kuzitenga metali hizo kwa grisi au kipande cha plastiki. Mtu aliyejifunza kufunga msumari kwa pamba ya mafuta huelewa jambo hili bila kuelezwa.

Kazi ya mwisho, kabla ya kushua, ni ya chini ya chombo. Huchomwa kwa moto wa makuti makavu ili kuwaua wadudu wa baharini watoboao mbao, kisha hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Marumada hutazamwa tena kwa zamu ya mwisho, kwa kuwa usukani ukichomoka huko nje, hata tanga zima halimsaidii mtu.

Halafu bamvua huja. Maji yakifika kwenye magadi wanaume wa kijiji huitana, mashua husukumwa kwa mabega, na watoto hukimbia kando yake mpaka maji yawafike kiunoni. Ikishaelea haiondoki mara moja. Nahodha huamuru tanga litwekwe pale pale, kando ya mikoko, na foromali hupanda hadi juu. Kisha husema ifunguliwe. Jarari huachwa, roda hulia kule juu, foromali huporomoka na kulala juu ya chombo kwa kishindo. Hutweka tena, hufungua tena. Fundi amesimama majini hadi magotini na keekee yake kwapani, hatazami tanga, anasikiliza.